Gari limezimika kabisa? Pima kwanza, betri baadaye

Majira ya baridi yanapoingia hapa London, Waafrika Mashariki wengi wanaotoka saa kumi alfajiri kwenda kwenye usafi wa maofisi au kuwahudumia wazee hukutana na tatizo lile lile. Ufunguo unazungushwa, gari kimya. Taa haziwaki, honi hailii, hata redio haisemi.

Jambo la kwanza tunalofanya wengi wetu ni kukimbilia dukani kununua betri mpya. Ni kweli kwamba betri imekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa sababu kubwa zinazowafanya madereva wa Uingereza wapige simu AA na RAC, mashirika yanayowasaidia waliokwama. Lakini si mara chache betri mpya ikawekwa na gari likazimika tena wiki ya pili. Fedha imekwenda, na zamu ya kazini imekosekana.

Tafuta vyote vinapopita

Taa moja ikizimika, kosa liko kwenye balbu au fyuzi yake. Vyote vikizimika kwa pamoja, kosa liko pale ambapo umeme wote unapita. Katika gari la zamani sehemu hizo ni nne: betri, vibanio vyake viwili, waya mnene mweusi unaoiunganisha na bodi na injini, na fyuzi kuu.

Kipima umeme kidogo kinachouzwa maduka ya vipuri ni rahisi kuliko betri, nacho hujibu mengi. Gari likiwa limelala usiku kucha, betri nzima iliyojaa husoma karibu volti 12.6. Ikishuka chini ya 12 imeisha chaji, ingawa haina maana kwamba imekufa.

Kisha gusa nguzo ya betri yenyewe, halafu kibanio chake, huku taa kubwa zikiwa zimewashwa. Nguzo ikisoma 12.5 na kibanio kikasoma kidogo sana, betri haina kosa. Kosa ni ule unga mweupe au wa kijani ulioota katikati yake. Fungua kibanio cha hasi kwanza, kisha cha chanya, safisha kwa brashi ya waya na maji ya moto yenye magadi, kausha, na wakati wa kurudisha cha hasi kiwe cha mwisho. Magari mengine ya zamani yatadai namba ya siri ya redio baada ya hapo, kwa hiyo itafute mapema.

Waya mweusi nao hushambuliwa hapa London na chumvi inayomwagwa barabarani kuzuia barafu. Unapoazima umeme kwa jirani, waya mwekundu hushikishwa kwenye chanya zote mbili. Mweusi huanzia hasi ya gari zima na kuishia kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililozimika, mbali na betri, kwa sababu betri hutoa gesi inayoweza kulipuka kwa cheche. Betri iliyovimba, iliyopasuka au iliyoganda kwa barafu isiguswe kabisa.

Ikiwa betri imepimwa na ni nzima, lakini gari likaamka pale tu injini inaposhikishwa waya huo, shuku waya wa bodi. Na ikiwa hata hapo ni kimya, tazama fyuzi kuu, ambayo mara nyingi huwa chini ya boneti, karibu na betri. Kugeuza nyaya wakati wa kuazima umeme ni njia ya haraka ya kuiunguza.

Likishawaka

Kazi haijaisha. Injini ikinguruma, pima tena: volti 13.8 hadi 14.7 zinaonyesha alteneta inachaji. Chini ya 13, betri yoyote mpya itaisha vile vile. Safari fupi za Jumapili tu, gari likilala wiki nzima, nazo haziijazi betri.

Wenzetu wa Dar es Salaam na Mombasa wasidhani hili ni la nchi za baridi pekee. Joto ndilo linaloila betri kwa ndani, baridi huiumbua tu.

Kwa wakazi wa London kuna hesabu moja zaidi. Tangu tarehe 29 Agosti 2023 eneo la ULEZ linafika mitaa yote ya jiji, na gari lisilotimiza viwango vya moshi hulipiwa pauni 12.50 kila siku linapoendeshwa. Magari mengi ya petroli yaliyosajiliwa kabla ya mwaka 2006 yamo humo. Kabla ya kununua alteneta ya gari kama hilo, pigeni hesabu ya siku mnazoliendesha kwa mwezi. Lakini kusafisha kibanio hakugharimu zaidi ya spana na nusu saa.