Vijana waliochora ramani ya mafuriko

Mazao yako yakipelekwa soko la Kariakoo kwa barabara ya Morogoro, gari hupita bonde la Jangwani. Hapo unapita Mto Msimbazi. Mvua kubwa ikinyesha, bonde hujaa maji na barabara hufungwa. Gari husimama Magomeni. Nyanya zinaoza ndani ya matenga, na soko liko ng'ambo tu.

Desemba 2011 mafuriko yaliua watu wapatao 40 Dar es Salaam. Wengine walipoteza nyumba, na Serikali ikawapa viwanja Mabwepande.

Mwaka 2015 ilianza kazi iitwayo Ramani Huria. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Chuo Kikuu Ardhi walishirikiana na wakazi wa mitaa. Walitembea kwa miguu, simu mkononi. Waliandika nyumba, njia na mifereji. Waliwauliza wenyeji: maji yalifika wapi? Magotini? Kiunoni? Dirishani? Majibu yakatiwa katika ramani.

Kwa nini ramani? Mtu akisimama mkutanini na kusema, "Maji yanatusumbua," atajibiwa, "Tumesikia." Lakini akiweka mezani ramani inayoonyesha mfereji unaoishia katikati ya nyumba za watu, si rahisi kumjibu hivyo.

Mwaka 2018 Serikali, wataalamu na wananchi walikaa kupanga bonde zima la Msimbazi. Ramani hizo zilitumika. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa mpango huo. Ndani yake limo daraja jipya la Jangwani.

Msimbazi huingia baharini karibu na Daraja la Selander. Bahari ikijaa, maji ya mto hukosa njia. Nayo bahari inapanda polepole, kwa kuwa dunia inapata joto na barafu ya nchi za baridi inayeyuka. Vijana wa huko nao wanadai wasikilizwe.

Mimi ni bwana shamba, hivyo sitaacha habari ya udongo. Msimbazi unaanzia vilima vya Kisarawe na Pugu. Miti ikikatwa huko, na watu wakilima mteremko bila makinga maji, udongo hushuka na kujaza mto. Mchanga uliojaa Jangwani haukutoka sokoni.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto. Inataka pia kamati za mazingira mitaani na vijijini. Je, kijana, unawajua walio katika kamati ya kwenu?

Vijana wengi wanaosukuma mikokoteni Kariakoo hawaishi Kariakoo. Mkutano wa mtaa pale si wao, ingawa maji yakijaa wao ndio wa kwanza kukosa kibarua. Wewe wa kijijini una nafasi zaidi. Ukiwa na miaka 18, mkutano wa kijiji ni wako.

Usingoje simu ya kisasa. Karatasi na kalamu ya risasi zinatosha. Chora mto, mashamba, njia za ng'ombe na makorongo. Waulize wazee kila korongo lilianza mwaka gani, uandike. Mpelekee mwenyekiti ramani kabla ya siku ya mkutano, ili jambo lako liingie katika ajenda. Nakala moja baki nayo nyumbani.