Buluu Inapovuja Ziwa Ngosi

Ziwa Ngosi, katika milima ya Poroto wilayani Rungwe, halina mto unaoonekana ukitoka. Kuta za kasoko ya volkano zimelizingira pande zote. Lakini mtu akilichora kwenye kompyuta na kuamuru buluu ijae ndani, huenda akashangaa: rangi imepanda kuta, imefunika misitu na kuimeza Tukuyu nzima.

Pikseli moja ya ufuko haikuchorwa.

Wanaojifunza programu nyumbani huanza na njia ya kumwaga. Programu hupewa nukta moja ya ndani, huipaka, kisha hukagua majirani wanne: juu, chini, kushoto na kulia. Jirani asiye mpaka naye hupakwa, halafu hukaguliwa majirani zake. Amri ya PAINT ya GW-BASIC kwenye kompyuta za miaka ya 1980 nayo ilieneza rangi hadi ikutane na mpaka, na tundu dogo lilitosha kuharibu picha. Anayeongeza majirani wanne wa mshazari hujitafutia makubwa zaidi, kwani pikseli za mstari wa mshazari hugusana kwa ncha tu, na rangi hupenya hapo.

Kisha kuna tatizo la kumbukumbu. Wengi huandika kipande cha programu kinachojiita chenyewe kwa kila jirani. Python kwa kawaida huruhusu miito kama 1,000 tu ndani kwa ndani, ilhali mraba wa pikseli 200 kwa 200 una pikseli 40,000. Dawa ni ya stendi ya daladala: pikseli zipange foleni, zihudumiwe moja moja.

Ziwa Masoko, lenye umbo linalokaribia duara, halihitaji hata hayo. Kanuni ya Pythagoras inatosha kuonyesha kila mstari wa pikseli uanzie wapi na uishie wapi. Ngosi, ambalo husemwa linafanana na ramani ya Afrika, lina ghuba na rasi. Hapo afadhali kuhesabu mavuko. Programu hutembea toka kushoto: ikivuka ufuko mara moja iko majini, mara mbili iko nchi kavu, mara tatu imerudi majini. Witiri hupakwa, shufwa huachwa. Ufuko wenyewe ni orodha ya kona, na ya mwisho huunganishwa na ya kwanza, hivyo tundu halipo.

Njia hiyo huokoa hata visiwa. Katika Ziwa Victoria, ufuko wa Ukerewe ni mvuko wa pili, basi kisiwa hakizami kwenye buluu. OpenStreetMap, ramani huria ambayo wachangiaji wa Crowd2Map Tanzania wamekuwa wakijazia vijiji tangu 2015, nayo hutenganisha mpaka wa nje wa ziwa na mipaka ya visiwa vyake.

Mtego uko kwenye kona. Mstari ukipita sawia pale upande mmoja wa ufuko unapoishia na mwingine kuanzia chini yake, mvuko mmoja huhesabiwa mara mbili, na mchirizi wa buluu hukimbia hadi ukingoni mwa skrini. Waandishi wazoefu huupa kila upande ncha yake ya juu tu; ya chini ni mali ya upande unaofuata.