Wasia wa Mwana Kupona

Mnamo mwaka 1858, Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, mjane wa Bwana Mataka, yule sheikh wa Siu aliyekuwa hasimu mkubwa wa Sayyid Said wa Unguja, alipokuwa taabani kwa maradhi, alimwita bintiye, Mwana Hashima, aje na wino na karatasi, akamtungia utenzi wa nasaha ambao hata leo haujachakaa.

Sehemu kubwa yake yahusu utiifu wa mke kwa mumewe, na hapo, kwa rai yangu, msomaji wa zama hizi ana haki ya kupima na kuchagua; lakini pale mama anapomuusia mwanawe aishike dini kwanza, kisha awe na adabu na ulimi mwema, tena awe mkweli na ajiepushe na upuuzi, nasaha yake yamfaa hata karani afisini na mchuuzi sokoni, kwani riziki ya wote wawili hutegemea kuaminiwa. Wala hakumkusudia Hashima pekee, maana aliwataka wanawake wengine nao wausome.

Alifariki yapata 1860. Utenzi wake ukapigwa chapa kitabuni, pamoja na tafsiri ya Kiingereza, mwaka 1934.