Maskani Moja kwa Miji Minne: Kuizuru Andalus kwa Treni



Kila likizo za shule zinapokaribia, swali la Andalus hurejea katika mabaraza yetu hapa Uingereza. Familia isiyo na gari, yenye watoto wadogo na mzee mmoja, ifikie wapi huko Hispania ili iweze kuiona Cordoba, Sevilla, Granada na Malaga bila ya kuchoka kabla ya kufaidi? Jawabu letu ni Cordoba, na tumelipata kwa gharama.

Katika safari yetu ya kwanza tulilala miji mitatu kwa siku sita. Kila baada ya siku mbili tulifunga masanduku, tukatafuta teksi, kisha tukangoja saa ya kukabidhiwa chumba huku watoto wamesinzia juu ya mikoba. Siku tuliyohama Sevilla tuliingia Granada magharibi, na bibi alipotaka sindano yake ya kisukari ndipo tulipokumbuka kwamba insulini yote imebaki katika friji ya nyumba tuliyoihama. Usiku ule tulizunguka kutafuta duka la dawa lililo wazi na, kwa rehema za Mwenyezi Mungu, tukapata ya kumvusha siku mbili. Kulipopambazuka mmoja wetu alipanda basi kuifuata akiba, mwendo wa saa tatu kwenda na saa tatu kurudi. Tiketi yake ya Alhambra, yenye jina lake na saa yake ya kuingia, ilikwenda bure. Bibi alitwambia kwa upole, "Wanangu, mimi si mzigo wa kupakiwa na kupakuliwa."

Safari ya pili tulikaa mahali pamoja kwa siku saba.

Tazameni ramani. Granada ndiyo inayovuta moyo, lakini imekaa pembeni chini ya milima, na kutoka huko kwenda Sevilla kwa treni ni zaidi ya saa mbili. Malaga ina uwanja wa ndege na bahari, ila kila safari ya kwenda Sevilla ni kiasi cha saa mbili pia. Cordoba iko kwenye njia panda ya reli. Treni ziendazo kasi, zilizoanza mwaka 1992 baina ya Madrid na Sevilla, huifikisha Sevilla kwa dakika 45 hivi; njia ya Malaga, iliyokamilika mwaka 2007, ni kama saa moja; na Granada, iliyounganishwa na njia hizo mwaka 2019, ni kiasi cha saa moja na nusu. Stesheni ya treni na kituo cha mabasi vinatazamana, jambo ambalo mwenye kusukuma kigari cha mtoto atalithamini kuliko picha yoyote ya mtalii. Ukitua Malaga, treni ndogo hukutoa uwanjani hadi stesheni kuu ya mji kwa muda usiofika robo saa, na hapo hapo utapanda ile ya Cordoba.

Tulipanga nyumba baina ya stesheni na mji wa kale, si ndani ya vichochoro. Wengi hupenda kulala ubavuni mwa Msikiti Mkuu. Sisi twaona ni kosa, kwani safari za asubuhi huanzia stesheni, na njia ya kuuendea Msikiti ni tambarare, dakika 25 kwa miguu. Siku ya Sevilla bibi alichagua kubaki. Insulini yake ilikuwa frijini, jikoni mlikuwa na wali, na sisi tulirejea kabla ya magharibi.

Kukaa Cordoba kulitupa pia nafasi ya kuuingia Msikiti mara mbili. Ulianzishwa na Abd al-Rahman wa Kwanza katika miaka ya 780, na tangu mwaka 1236 ni kanisa. Muislamu haruhusiwi kusali ndani. Waelezeni watoto nyumbani kabla ya kuondoka. Wetu waliuliza mbele ya mihrabu, na sauti zao zilikuwa kubwa. Madinat al-Zahra, mji wa kifalme ulioanza kujengwa mwaka 936, uko kilomita 8 tu, na kuna basi la kuufikia.

Wenye kufuata madhehebu ya Shafi wakumbuke kwamba anayenuia kukaa mahali siku nne kamili, bila ya kuhesabu ya kufika na ya kuondoka, hapunguzi sala hapo. Akitoka kwenda Granada au Sevilla, zilizo mbali zaidi ya kilomita 100, huwa msafiri tena. Mwulizeni shekhe wenu mapema, wala si mkiwa ndani ya treni.

Cordoba ina aibu zake. Julai na Agosti joto hupita nyuzi 40, nasi hatumshauri mwenye mzee kwenda miezi hiyo. Wiki ya kabla ya Pasaka maandamano ya Wakristo hujaza barabara, na vyumba huadimika. Likizo fupi ya Oktoba ndiyo tunayoipenda. Na siku ya Granada ni ndefu: nunueni kwanza tiketi ya Alhambra, kisha treni iifuate saa iliyoandikwa kwa majumba ya Wanasri, maana aliyechelewa hapokewi. Chukueni pasipoti zenu, za watoto pia.