Bosi wa shule Marekani: Kiti moto kisicholiwa na ndizi

UKISIKIA kiti moto, msomaji wangu, mate yasikutoke. Hiki cha leo hakina pilipili wala ndizi za kukaanga. Ni kiti cha bosi wa shule zote za umma za mji mmoja huko Marekani, cheo ambacho wenyewe wanakiita suprintendenti. Mshahara mnono, jina kubwa, kamera za TV zinamfuata. Lakini kukikalia miaka mingi bila kuungua, ni kazi kwelikweli!

Kwanza tuelewane. Huyu si mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu ana shule moja, huyu ana zote za wilaya yake, na Marekani ina wilaya za shule zipatazo 13,000. Wala usimfananishe sana na Afisa Elimu wetu. Wa kwetu ni mtumishi wa serikali. Mambo yakimchachia hapa anaweza kuhamishiwa kule. Wa Marekani kwa kawaida anaajiriwa kwa mkataba na bodi ya shule, na wajumbe wa bodi wengi wao wanapigiwa kura na wananchi. Wakiingia wajumbe wapya wasiompenda, kibarua kinaota nyasi.

Kila lawama yake

Kazi zenyewe sasa. Bajeti ni yake, ajira za walimu ni zake, mabasi ya wanafunzi ni yake, hata chakula cha mchana ni chake. Theluji ikimwagika usiku, yeye ndiye anayeamka alfajiri kuamua watoto waende shule au walale. Akifunga, wazazi wanang'aka: nani atakaa na watoto wetu? Asipofunga, basi likateleza, jina lake linaandikwa gazetini.

Halafu kuna mshiko. Fungu kubwa la fedha za shule kule linatokana na kodi za majengo ya eneo husika. Mtaa wa vibopa unakusanya kibopa, mtaa wa walalahoi unakusanya kilalahoi. Serikali ya jimbo na ile ya Washington zinaongezea, lakini pengo mara nyingi linabaki. Bosi anayepewa mji wenye watoto maskini anaambiwa alete matokeo kama ya watoto wa matajiri.

Mambo yalipamba moto Januari 2002, Rais George W. Bush aliposaini sheria ya kupima watoto kila mwaka kusoma na hesabu, kuanzia darasa la tatu hadi la nane. Shule zilizoshindwa kufikia malengo mwaka baada ya mwaka zilikabiliwa na adhabu. Hapo ndipo namba ikawa mfalme.

Mama mwenye fagio

Muulize Michelle Rhee. Mwaka 2007 Meya wa Washington, Adrian Fenty, alimkabidhi shule za mji mkuu huo. Mama akaingia kwa kishindo. Alifunga shule zaidi ya 20, akatimua walimu na walimu wakuu, na Desemba 2008 akatokea kwenye jalada la jarida la Time, kashika fagio, amesimama darasani. Wapo waliompigia makofi. Wapo waliomchukia kama ukoma.

Septemba 2010 Fenty akabwagwa ndani ya chama chake, na wengi wakasema fagio la Rhee lilichangia. Oktoba mama naye akabwaga manyanga. Miaka mitatu na ushee, basi.

Malkia wa Atlanta

Lakini kasheshe lenyewe lilikuwa Atlanta. Beverly Hall, mzaliwa wa Jamaika, alichukua shule za mji huo mwaka 1999. Wanafunzi wengi walikuwa Wamarekani weusi wa familia za kipato cha chini. Alama zikaanza kupanda, zikapanda, zikapanda. Mwaka 2009 akatawazwa suprintendenti bora wa Marekani nzima. Katika miaka yake alilipwa bonasi zinazozidi dola 500,000.

Staili yake? Hakuna visingizio. Mwalimu mkuu alipewa miaka mitatu kufikia malengo, akishindwa anaonyeshwa mlango. Kila mwaka wafanyakazi walikusanyika kwenye uwanja mkubwa wa michezo wa Georgia Dome. Shule zilizofikia malengo zilikaa chini, karibu na jukwaa. Zilizoshindwa zilipandishwa kule juu kwa watazamaji. Fikiria wewe ni mwalimu, umekaa juu kule, wenzako wanakutazama. Mwakani utafanya nini?

Baadhi walichofanya ni kushika kifutio. Mtihani ulikuwa wa kuchagua jibu na kuweka alama kwa penseli. Watoto wakishatoka, walimu walifuta jibu la uongo na kuweka la kweli. Wapo waliokusanyika nyumbani kwa mwenzao wikiendi kuifanya kazi hiyo.

Gazeti la Atlanta Journal-Constitution likashtuka: mbona alama zinaruka kama chura? Wachunguzi wa jimbo wakaingia. Ripoti ya Julai 2011 ilisema katika shule 56 zilizochunguzwa, 44 zilikuwa na udanganyifu katika mtihani wa 2009. Walitajwa waelimishaji 178, wakiwamo walimu wakuu 38. Kuhusu Hall, ripoti ilisema alijua au alipaswa kujua. Yeye alikana.

Machi 2013 watu 35 walifunguliwa mashtaka, Hall akiwamo, kwa sheria ya aina ile inayotumika kuwabana mafia. Wengi walikiri. Hall hakupanda kizimbani, kwani alikuwa mahututi kwa saratani ya matiti. Alifariki Machi 2015 akiendelea kukana. Mwezi uliofuata wenzake 11 walitiwa hatiani. Wakubwa watatu walipigwa miaka saba jela, baadaye ikapunguzwa kuwa mitatu.

Nani aliumia?

Kuna waliomwonea huruma Hall, wakisema mfumo ndio ulimponza. Kuna waliosema kitumbua kiliingia mchanga kwa tamaa yake mwenyewe. Wabishane tu. Anayesahaulika ni mtoto.

Mtoto aliyeshindwa kusoma alirudi nyumbani na karatasi inayosema anajua. Mama akafurahi, pengine akamnunulia zawadi. Lakini kwa kuwa karatasi ilisema amefaulu, hakuna aliyeona haja ya kumpa msaada wa ziada. Miaka ilipita kabla Atlanta haijaanzisha mpango wa kuwasaidia walioathirika, wengine wakiwa tayari wameshafika sekondari. Darasa la tatu halirudi.

Ndiyo maana hadithi hii si ya Wamarekani peke yao. Kokote ambako bosi anapimwa kwa asilimia tu, asilimia zitapatikana, hata kwa kifutio. Bosi wa shule ni lazima awajibike, sikatai. Ila aulizwe na swali la pili: je, mtoto wa mtaa ule wa walalahoi, ukimpa gazeti hili sasa hivi, anaweza kulisoma?