Kuku Anayekoroma Huku Akila

Katika vijiji vya Rungwe, hasa katika miezi ya Juni na Julai, baridi na ukungu vinapoikalia milima, huonekana jambo linalowatatiza wafugaji wengi wa kuku wa kienyeji. Kuku anakula vizuri, jogoo anawika, tetea anataga kama kawaida. Lakini usiku, nyumba inapotulia, husikika mkoromo kama wa mtu mwenye pumu. Mwenye kuku hujiuliza kama huyu ni mgonjwa au si mgonjwa. Na kwa kuwa hana hakika, mara nyingi hukata shauri lililo baya kuliko yote: humtia kuku kwenye tenga na kumpeleka sokoni Kiwira au Tukuyu kabla hajafa.

Shauri hilo ndilo linalolifanya jambo hili kuwa la chama kizima, wala si la kaya moja. Wakati malipo ya chai, kahawa au maziwa hayajatoka, kuku ndiye anayenunua daftari, chumvi na dawa. Kuku mmoja mwenye ugonjwa wa mdondo, ambao wengine huuita kideri, akiuzwa kwa jirani, anaweza kumaliza karibu kuku wote wa kitongoji ambao hawajachanjwa.

Yafaa kwanza kueleza jinsi kuku anavyopumua, kwa maana hapumui kama ng'ombe. Mapafu yake ni madogo na hayatanuki sana. Hewa husukumwa na vifuko vya hewa, ambavyo kwa kawaida ni 9, vilivyotandaa kifuani na tumboni na kuingia hata ndani ya baadhi ya mifupa. Tena hana kile kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo. Huvuta pumzi kwa kuinua na kushusha mfupa wa kidari. Hivyo vumbi, moshi au vijidudu vikiingia, hufika mbali mwilini. Na ndiyo sababu kuku akibanwa kifuani kwa mikono hushindwa kupumua. Kuku anayekoroma ashikwe kwa upole, kidari kikiwa huru. Wako waliofia mikononi mwa watu waliotaka kuwatibu.

Chanzo cha kwanza cha kuchunguzwa si ugonjwa bali ni mahali anapolala. Kwa ajili ya baridi na wezi, kaya nyingi hulaza kuku jikoni, karibu na mafiga, au katika kibanda kilichozibwa kila upenyo. Kinyesi kilichorundikana na kulowa hutoa hewa kali ya amonia, nayo huunguza macho na koo la kuku. Mkaguzi wa jambo hili ni pua ya mfugaji mwenyewe: alfajiri, kabla ya kufungua mlango, achuchumae hadi kimo cha kuku na kuvuta pumzi. Macho yakimwasha, basi kuku amekaa humo usiku kucha akiungua. Watu husema kwamba kuku wa kienyeji amezoea. Hakuna kiumbe kinachozoea amonia.

Dawa ya hali hiyo haiuzwi dukani. Tundu za hewa zifunguliwe juu ya ukuta, chini ya paa, ili hewa chafu itoke bila upepo kuwapiga kuku walioko kwenye vichanja. Sakafuni yatandazwe maranda makavu au pumba za mpunga kutoka Kyela, nayo yageuzwe na kubadilishwa yakilowa. Matandazo yenye ukungu yasitumike kabisa, kwa sababu vumbi la ukungu huingia mapafuni na kuua vifaranga. Kuku anayekoroma atengwe penye hewa safi na pakavu kwa siku 3 au 4. Akinyamaza, kosa lilikuwa la banda.

Asiponyamaza, afunguliwe mdomo mbele ya mwanga wa tochi. Utando wa manjano kooni waweza kuwa ndui ya kuku. Kifaranga anayenyoosha shingo na kupanua mdomo mara kwa mara huenda ana minyoo ya koo, myekundu, ambayo dume na jike hushikamana mfano wa herufi Y. Minyoo hii hupatikana pia katika nyungunyungu, na udongo wa Rungwe, wenye mvua karibu mwaka mzima, una nyungunyungu tele. Dawa za minyoo kama fenbendazoli huitibu, kwa kipimo cha mtaalamu. Uso ukivimba na pua zikitoa ute wenye harufu mbaya, hayo ni mafua ya kuku.

Lakini yule anayekoroma miezi mingi huku akila mara nyingi ana mafua sugu. Vijidudu vyake huweza kupita kutoka kwa mama hadi kwa kifaranga kupitia yai, na kuku aliyepona hubaki navyo. Baridi, vumbi na amonia huviamsha. Dawa kama tailosini na oksitetrasaiklini hutuliza tu, hazing'oi. Zitolewe kwa ushauri wa ofisa mifugo, na mayai na nyama visiliwe wala kuuzwa mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa ziishe. Mayai ya kuku huyo yasiatamishwe.

Mkoromo ukiandamana na kuhara kijani, mabawa kulegea, shingo kupinda, au kuku kadhaa kufa kwa siku chache, huo huenda ukawa mdondo, nao hauna tiba. Kinga yake ni chanjo. Chanjo ya I-2, ambayo hutengenezwa hapa Tanzania, hutiwa tone moja katika jicho moja, kwa kifaranga na jogoo sawasawa, na hurudiwa kila baada ya miezi 3 hadi 4. Huchanjwa kuku wazima tu. Wanachama wanaolalamika kwamba chanjo haifai kwa kuwa kuku wao wangali wanakoroma waelezwe kwamba inazuia mdondo, haizuii mafua wala moshi.

Hapa katibu ana kazi. Chupa moja ya chanjo hutosha kuku wengi kuliko wa kaya moja, na ikishachanganywa haiwekwi. Mwenye kuku 8 akinunua peke yake atamwaga iliyobaki. Kwa hiyo hanunui. Katibu aandikishe kuku wa wanachama wote, akusanye fedha kabla, apatane siku na ofisa mifugo wa kata, na atangaze kuku wasifunguliwe asubuhi hiyo.

Kuku mgeni kutoka sokoni atengwe kwa wiki 2 hadi 3 kabla ya kuchanganywa na wenzake. Waliokufa wafukiwe shimo refu au wachomwe. Wasitupwe mtoni wala kuachiwa mbwa. Vifo vya ghafla viarifiwe kwa ofisa mifugo siku hiyo hiyo, na tenga lililobeba wagonjwa lioshwe kwa sabuni na kuanikwa juani kabla halijapelekwa tena sokoni.