Mwaka Mmoja Pasiansi

Kila mwaka nyumba kadha wa kadha humwona kijana wao akifunga mzigo kwenda Mwanza, kwenye Taasisi ya Taaluma ya Wanyamapori Pasiansi, iliyoanza mwaka 1966. Huko hufundishwa kazi ya askari wa wanyamapori, na mafunzo ya awali ni ya mwaka mmoja.

Wazazi huhesabu ada, nasi twawasifu. Lakini mji una hesabu yake. Atokaye Geita yu karibu: tangu Juni 2025 hupita juu ya daraja la Kigongo-Busisi, wala hangoji tena kivuko. Atokaye Songea hawezi kurudi kwao kila aishiwapo na fedha. Basi mpeni akiba asiyoitaja kwa wenziwe, tena mwandikieni mtu mzima mmoja aliyeko huko, jamaa au mwalimu, apate kulijua jina la kijana kabla hajafika.

Jambo litutialo hofu zaidi ni ziwa. Kijana aliyekulia penye ukame akiliona Ziwa Victoria hutamani kuoga papo hapo. Asiingie! Ukingoni, penye majani na konokono, ndipo walipo vijidudu vya kichocho. Hupenya ngozi ya mtu asijue, na baada ya muda mrefu huharibu matumbo na ini. Dawa ipo hospitalini, yaitwa praziquantel. Lakini hata aliyepona huambukizwa tena akirudi majini. Dagaa wa ziwa hilo na ale ashibe, hao hawana kosa.